Msitu wa Serikali, Kuni za Jirani

Popote msitu unapopakana na makazi ya watu kuna swali lisilokosa mwulizaji: imekuwaje msitu uliokuwepo kabla ya serikali ukawa mali ya serikali, na mimi niliyezaliwa ukingoni mwake nikitoka na mzigo wa kuni naitwa mwizi? Linaulizwa Lushoto na Kakamega, linaulizwa kwenye mikoko ya Rufiji. Anayeuliza husomewa kifungu cha sheria, kisha anarudi nyumbani na swali lake vilevile.

Katika sura hii nalipeleka swali hilo Ufaransa. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu ugomvi wa dola na jirani wa msitu umeandikwa huko kwa zaidi ya miaka 700: kuna amri za wafalme, daftari za faini, barua za wanakijiji na hukumu za mahakama. Tena, sehemu ya taratibu tunazozijua kwenye misitu yetu zilifundishwa katika shule moja ya Kifaransa kabla hazijafika Nairobi.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Misitu ya Ufaransa, kwa upande wake wa Ulaya, inafunika takriban hekta milioni 17, karibu theluthi moja ya nchi. Robo tatu ni mali ya watu binafsi. Dola inamiliki kama sehemu moja ya kumi, na iliyobaki ni ya vijiji na miji, kila kimoja kikiwa na meya na baraza lake. Karibu mwaka 1830 misitu yote haikuzidi sana nusu ya eneo hilo. Kwa hiyo hii ni nchi ambayo misitu yake imeongezeka mara mbili hivi katika karne mbili zile zile ambazo viwanda na miji vilikua. Serikali hupenda kujisifia jambo hilo, na inastahili sehemu ya sifa. Sehemu tu.

Mfalme, meli na mialoni

Mwaka 1291, enzi za Mfalme Philippe wa Nne, tayari kulikuwa na maofisa wa mfalme waliosimamia maji na misitu kwa pamoja, maana samaki wa mtoni na miti ya ukingoni vilikuwa chini ya mkono mmoja. Mwaka 1346 amri iliyotolewa Brunoy iliwaagiza maofisa hao wauze miti kwa kiasi ambacho kingeiacha misitu idumu siku zote katika hali njema. Wazo ambalo leo linajadiliwa kwenye mikutano ya kimataifa kama jipya lilishaandikwa kabla Vasco da Gama hajaizunguka Afrika.

Kuandika ni kazi moja na kutekeleza ni nyingine. Katika zama hizo mti ulikuwa kila kitu. Ulipikia na kupasha joto majira ya baridi, ulijengea nyumba, mapipa na mikokoteni. Kioo, chumvi na chuma vilitengenezwa kwa moto wa kuni au mkaa. Kila aliyekuwa na shoka alikuwa na sababu, na wengi wa maofisa wa mfalme walikuwa na bei.

Mwaka 1661 Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, aliagiza misitu ya mfalme ikaguliwe. Alikuwa na shida ya haraka. Mfalme alitaka jeshi la majini la kupambana na Waholanzi na Waingereza, na meli moja kubwa ya kivita ilimeza mialoni kwa maelfu. Mwaloni ni mti mgumu wa nchi za baridi, unaochukua kama karne mbili kufikia unene wa kutoa mbao za meli. Haununuliwi kwa haraka. Baada ya miaka minane ya ukaguzi, kesi na kufukuza maofisa wala rushwa, ikatoka amri kuu ya mwaka 1669. Mambo yake makubwa yalikuwa haya:

- Katika misitu ya vijiji na ya Kanisa, robo ya eneo iachwe bila kuguswa mpaka miti iwe mikubwa.
- Katika misitu ya kuchipua, yaani ile inayokatwa karibu na ardhi ili visiki vichipue tena kuni za miaka ijayo, iachwe miti 16 imesimama katika kila arpent, kipimo cha zamani kinachokaribia nusu hekta, ili itoe mbegu na mbao.
- Mbuzi na kondoo wasiingie msituni.
- Mwenye msitu ulio karibu na bahari au mto unaopitika kwa vyombo asikate miti mikubwa kabla ya kutoa taarifa, ili jeshi la majini lichague kwanza.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa mwanakijiji, unaona mara moja nani anafikiriwa. Meli ya mfalme inafikiriwa kwa miaka 200 ijayo. Mbuzi wa mjane hafikiriwi hata kwa msimu mmoja.

Katikati ya Ufaransa, mkoani Allier, upo msitu wa Tronçais, hekta zipatazo 10,600. Una kipande cha mialoni mirefu iliyonyooka ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la Colbert, kwa kuwa miti yake ilianza kukua katika zama za mageuzi yake. Ilipokomaa, meli za kivita zilikuwa zinajengwa kwa chuma, na leo mialoni ya Tronçais inasifika kwa mapipa ya mvinyo. Wageni husimuliwa habari hiyo kwa fahari. Kuna habari nyingine isiyosimuliwa sana: mwaka 1788, kwa idhini ya mfalme, Nicolas Rambourg alianzisha kiwanda cha kuyeyusha chuma ndani ya msitu huohuo, na matanuri yake yakala mkaa wa eneo kubwa la miti. Dola iliyowafukuza mbuzi kwa kuharibu msitu ndiyo iliyomkaribisha mwenye tanuri.

Nyundo

Kazi ya bwana misitu inaonekana vizuri zaidi kwenye chombo chake. Nyundo ya bwana misitu wa Ufaransa ina pande mbili: mmoja ni shoka dogo, wa pili ni muhuri wa chuma. Anachonga gome mpaka mti mweupe uonekane, anageuza mkono, anapiga. Herufi mbili, AF, zinabaki zimezama, kifupi cha maneno ya Kifaransa ya Utawala wa Misitu. Alama moja hupigwa kwenye shina, nyingine chini kabisa karibu na mizizi, na hii ya chini ndiyo yenye kazi. Gogo likishakwenda zake, kisiki kinabaki na alama. Mkaguzi akipita miezi kadhaa baadaye anajua kama mti uliokuwa pale uliondoka kwa ruhusa au kwa wizi.

Wafanyabiashara wa mbao Tanzania hawahitaji kuelezwa. Wanajua gogo lisilogongwa nyundo linavyokwama kizuizini.

Mashati meupe ya Ariège

Mapinduzi ya 1789 yalilipua hasira iliyokuwa imelimbikizwa. Katika madaftari ya malalamiko ambayo kila parokia iliandika mwaka ule, misitu na kuni vinatajwa tena na tena. Misitu ya Kanisa ikawa mali ya taifa. Mwaka 1791 wenye misitu binafsi wakaachiwa huru kukata wapendavyo, na walikata. Ulinzi ulilegea, kisha Napoleon akaurudisha utawala wa misitu, na wafalme waliomfuata wakaukamilisha: mwaka 1824 ilianzishwa shule ya misitu mjini Nancy, na mwaka 1827 ikapitishwa sheria moja ya misitu ya nchi nzima.

Sheria hiyo iliandikwa na watu makini waliouona msitu ukipungua mbele ya macho yao. Tatizo lake ni kwamba iliandikwa Paris na ikapelekwa milimani. Wanakijiji waliokuwa wakiokota kuni, kukata miti ya kujengea na kuchunga wanyama kwa desturi ya mababu walitakiwa walete hati. Aliyekuwa na hati aliorodheshwa. Asiyekuwa nayo, desturi yake ikageuka kuwa kosa. Kondoo na mbuzi wakazuiwa kama enzi za Colbert. Na hata haki iliyotambuliwa, dola iliweza kuimaliza: kwa upande wa kuni, kijiji kilipewa kipande cha msitu kiwe chake moja kwa moja, na haki zake katika sehemu iliyobaki zikafutwa; kwa upande wa malisho, haki hizo zililipwa fedha.

Mkoani Ariège, katika milima ya Pyrenees inayopakana na Hispania, sheria hii ilikuwa sawa na kufunga mlango wa ghala. Mashamba ya huko ni madogo, yako kwenye miteremko, na familia iliishi kwa mifugo iliyochungwa msituni. Papo hapo viwanda vya chuma vya mkoa huo vilihitaji mkaa, na wachoma mkaa waliingia na kukata chini ya macho ya askari wa misitu walewale waliomkamata mchungaji. Hapo ndipo kiini cha hasira kilipokuwa. Watu wa Ariège waliona kwamba msitu umefungwa kwao na umefunguliwa kwa mwingine. Katazo linalomhusu kila mtu wangeweza kulivumilia.

Mwaka 1829 wakaanza kutokea wakati wa usiku watu wa ajabu. Walikuwa wanaume waliotoa mashati yao meupe marefu nje ya suruali, yakaning'inia kama magauni. Nyuso wamezipaka masizi au wamezifunika kitambaa, vichwani wamefunga vilemba, mikononi wana mashoka, mundu, na wengine bunduki. Waliitwa Demoiselles, yaani mabinti. Waliwazingira askari wa misitu na kuwaamuru waondoke, wakayabomoa na kuyachoma makambi ya wachoma mkaa, kisha wakapotea mabondeni. Asubuhi kila mtu yuko shambani kwake. Walipoulizwa mahakamani, mashahidi waliona mashati, hawakuona nyuso.

Mavazi yale yalikuwa na kazi zaidi ya kujificha. Katika vijiji vile, vijana waliojigeuza kwa mavazi ya kike wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima walikuwa na ruhusa ya kumzomea hadharani mtu aliyevunja desturi. Kwa kuvaa hivyo, wale wa 1829 walikuwa wanasema kwamba mvunja sheria ni askari wa misitu, na wao ndio wanaoilinda desturi. Jeshi lilitumwa, likazunguka milimani na kurudi na wafungwa wachache.

Baada ya mapinduzi ya Julai 1830, serikali mpya ya Paris, ikiogopa moto kuenea, ilitoa msamaha na kulegeza baadhi ya makatazo. Vurugu kubwa zikatulia kufikia 1832, ingawa mashati meupe yaliendelea kuonekana hapa na pale kwa miongo kadhaa. Nashikilia kwamba Ariège ndio ukurasa muhimu kuliko zote katika historia ya misitu ya Ufaransa, kuliko amri ya Colbert. Colbert alionyesha dola inaweza kuagiza nini. Ariège ilionyesha kwamba askari mmoja wa misitu hawezi kukaa usiku katika bonde ambalo kila mlango umemfungia.

Kwa ufupi hadi hapa

Dola ya Ufaransa iliingia msituni kwa ajili ya mapato na meli. Ilileta ujuzi wa kweli: kupima, kugawa msitu katika vipande, kupiga nyundo, kufikiria miaka 200 mbele. Ilishindwa pale ilipomhesabu jirani wa msitu kuwa adui wa msitu, huku ikimwachia mwenye kiwanda.

Kijiji kilichoomba kununuliwa

Haki inadai niseme upande wa pili. Wanakijiji hawakuwa malaika, na msitu unaweza kumalizwa na maskini wenyewe kwa mikono yao.

Mwaka 1841 mhandisi Alexandre Surell alichapisha uchunguzi wake juu ya mito ya ghafla ya milima ya Alps ya juu. Alionyesha kwamba pale miti ilipoondolewa mlimani, mvua inateremka kwa kasi na kubeba udongo na mawe mpaka kwenye mashamba ya bondeni, na kwamba dawa yake ni kupanda tena. Hakusikilizwa sana mpaka mwaka 1856, mafuriko makubwa ya mito Rhône na Loire yalipofika mijini. Wakubwa wa mijini walipolowa, sheria zikaja upesi. Ya 1860 iliagiza kupanda miti milimani. Wafugaji waliipinga kwa nguvu kwa kuwa ilichukua malisho yao, na mwaka 1864 ikabidi iruhusiwe kupanda majani badala ya miti. Ya 1882 ilikwenda mbali zaidi: dola inunue yenyewe ardhi iliyoharibika, kwa mapatano au kwa nguvu, iitengeneze kwa fedha zake.

Karibu na mji wa Gap kulikuwa na kijiji cha Chaudun, juu kabisa ya bonde lililofungwa na milima. Watu wake walikuwa wamekata miti na kuchunga kondoo mpaka mlima ukabaki uchi. Kila mvua iliteremsha mawe, kila mwaka shamba lilipungua. Mwaka 1888 walimwandikia waziri wa kilimo barua. Hawakuomba msaada wa chakula wala kupunguziwa kodi. Waliomba serikali ikinunue kijiji chao chote, nyumba, mashamba na mlima, wapate nauli ya kwenda kuanza maisha kwingine.

Mashauriano yalikwenda polepole, na mauzo yakakamilika mwaka 1895. Watu wakatawanyika, wengine walivuka bahari kwenda Amerika. Maofisa wa misitu wakapanda bonde zima, na leo Chaudun ni msitu wa dola wenye magofu katikati.

Kila ninapofikiria hatua za serikali milimani, barua hiyo hunizuia kuhukumu haraka. Watu wa Chaudun hawakufukuzwa na askari wa misitu. Walifukuzwa na mlima walioumaliza, baada ya miaka mingi ya kukosa njia nyingine ya kuishi. Serikali ilipofika ilikuta hakuna tena wa kugombana naye.

Nani aliyeongeza hekta?

Turudi kwenye zile hekta ambazo karibu zimeongezeka mara mbili. Ni sheria iliyofanya hivyo? Jibu la kweli ni kwamba sheria ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na makaa ya mawe. Viwanda vya chuma vilipoacha mkaa wa miti, shoka kubwa kuliko yote likawekwa chini. Reli ikaleta ngano na makaa mpaka vijijini. Vijana wakaenda viwandani, wazee wakafa, na shamba la mteremkoni lisilo na mlimaji likarudi porini lenyewe. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mfuko wa taifa wa misitu ulioanzishwa mwaka 1946 ukasaidia wenye ardhi kupanda mamilioni ya miti, hasa ya jamii ya misonobari.

Jambo hili lina uzito kwetu. Nchi ambayo watu wake bado wanapikia mkaa haiwezi kuiga sheria ya Kifaransa ikategemea matokeo ya Kifaransa. Kule moshi wa jikoni ulihamia kwenye makaa ya mawe na baadaye gesi na umeme. Bila hilo, mabwana misitu wa Nancy wangeendelea kupiga faini mpaka leo.

Mahali ambapo dola iliutengeneza msitu kwa amri ni Landes, kusini magharibi. Ilikuwa nchi tambarare ya mchanga na maji yaliyotuama, wachungaji wakitembea juu ya magongo marefu ili waone kondoo wao na kuvuka madimbwi. Sheria ya mwaka 1857 ilivilazimisha vijiji kuikausha na kuipanda misonobari. Vijiji vingi visivyo na fedha viliuza malisho ya wote kwa matajiri, wachungaji wakaishia kugema utomvu katika misitu ya wengine. Leo kuna takriban hekta milioni moja za msonobari wa aina moja, na aina moja huwaka kwa pamoja: moto wa Agosti 1949 uliua watu 82.

Fungu la kuni

Sasa nifikie kitu ambacho ndicho hasa kilichonivuta kuandika sura hii. Katika maelfu ya vijiji vya mashariki mwa Ufaransa, maeneo ya Lorraine, Burgundy na Franche-Comté, mwanakijiji bado anapata kuni zake kutoka msitu wa kijiji, kihalali, kwa utaratibu uliotoka enzi za mababu. Wanauita affouage.

Unakwenda hivi. Baraza la kijiji linaamua mwaka huu eneo gani litavunwa. Bwana misitu wa serikali anapita na kuchagua miti, kwa sababu msitu wa kijiji pia unasimamiwa na wataalamu wa dola. Magogo mazuri ya mbao huuzwa, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa kijiji: zinakarabati shule, paa la kanisa, bomba la maji. Miti midogo na matawi yanagawanywa kwa wakazi. Anayetaka anajiandikisha ofisi ya meya na kulipa ada ndogo. Mafungu yanapewa namba, na kila mtu anaokota namba yake mbele ya wenzake ili asiwepo wa kusema meya alimpendelea shemeji yake. Wakazi watatu wenye uwezo wa kulipa wanateuliwa wadhamini: wakataji wakiharibu msitu, wao ndio wa kwanza kuulizwa. Kuna tarehe ya mwisho ya kuondoa kuni. Na sheria inakataza kuuza fungu ulilopewa, kwa sababu ni la kupasha nyumba yako joto.

Mgawanyo wenyewe una hesabu tatu, na kijiji huchagua: kwa kaya, kila nyumba fungu moja hata kama anaishi mtu peke yake; kwa kichwa, nyumba yenye watoto wengi ipate zaidi; au nusu kwa kaya na nusu kwa kichwa.

Hapa bwana misitu na mwanakijiji wanahitajiana. Mwanakijiji anaulinda mwaloni ambao mauzo yake yatatengeneza shule ya mtoto wake. Akimwona mgeni na msumeno msituni, hana haja ya kuulizwa mara mbili. Dola ya Ufaransa ililinda misitu kwa bei nafuu zaidi hapa kuliko popote ilipotuma wanajeshi, na sioni kwa nini jambo hilo halitajwi kwanza kila watu wanapohubiri juu ya uhifadhi. Vijiji vya Tanzania vyenye msitu wao wa hifadhi, kamati yao na mapato yao vinaijua hesabu hii bila kufundishwa na Mfaransa.

Sheria ilipovuka bahari

Makoloni hayakupewa fungu la kuni. Yalipewa faini. Nchini Algeria sheria ya 1827 ilitumika kwa watu ambao maisha yao yote yalikuwa malisho na msitu, na mwaka 1874 ikaongezwa sheria iliyoruhusu kabila zima kuadhibiwa kwa moto mmoja, huku misitu ya magome ya kutengenezea vizibo ikipewa makampuni. Afrika Magharibi, amri ya 1935 ilihesabu misitu isiyo na mwenyewe kuwa ya dola. Maana yake ilikuwa misitu isiyo na mwenye karatasi. Somo la Ariège lilikuwa na zaidi ya miaka 100, na waliolijua waliamua kwamba halimhusu Mwafrika.

Afrika Mashariki haikutawaliwa na Wafaransa, lakini shule ya Nancy ilitufikia. Uingereza haikuwa na shule yake ya misitu, hivyo kuanzia mwaka 1867 vijana walioteuliwa kwenda kusimamia misitu ya India walipelekwa Nancy kusoma. Mmoja wa waliosoma huko ni David Hutchins. Alifanya kazi India, kisha Afrika Kusini, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa mkuu wa misitu katika Kenya ya kikoloni, ambako aliandika ripoti juu ya misitu ya Mlima Kenya. Msomaji wa Nyeri anayejiuliza mipaka ya hifadhi ilifikiriwa na nani, sehemu ya jibu iko katika darasa la Nancy.

Karibu zaidi na pwani yetu, utaratibu huohuo wa Kifaransa bado unafanya kazi Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki mikononi mwa Ufaransa na ambacho lugha yake ya Shimaore ni ndugu wa Kiswahili. Misitu ya milimani huko ndiyo inayoshikilia maji, na mwaka 2023 kisiwa kilikumbwa na uhaba mkubwa wa maji hata mabomba yakafungwa kwa zamu. Wakati huohuo watu wasio na ardhi wanapanda migomba na mihogo ndani ya misitu hiyo, na maofisa wanaing'oa. Desemba 2024 kimbunga Chido kiliiangusha miti kwa wingi, na kuuongezea ugomvi huo uzito.

Bwana misitu wa leo

Tangu mwaka 1966 misitu ya dola na ya vijiji iko chini ya ONF, Ofisi ya Taifa ya Misitu, iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 1964. Ni shirika la umma lililopewa kazi ya kulinda, na pia kazi ya kuuza mbao ili lijilipie gharama. Miguu hiyo miwili haitembei pamoja kila mara. Mwishoni mwa Desemba 1999 dhoruba mbili ziliangusha takriban mita za ujazo milioni 140 za miti ndani ya siku tatu, sawa na mavuno ya miaka kadhaa, soko likafurika na bei zikaanguka. Wafanyakazi wa shirika wamepungua kwa maelfu tangu miaka ya 1980, na bwana misitu mmoja sasa anazunguka eneo ambalo zamani lilikuwa la wawili au watatu.

Hata hivyo, paa la kanisa kuu la Notre-Dame lilipoteketea tarehe 15 Aprili 2019, mialoni ya kulijenga upya ilikuwepo. Machi 2021 mialoni minane mikubwa ilikatwa katika msitu wa Bercé kwa ajili ya mnara. Ilikuwa imeongozwa kwa makusudi na mabwana misitu waliofuatana kwa takriban karne mbili ili iwe mirefu na iliyonyooka. Kazi ya namna hiyo haifanywi na soko.

Mvutano wa zamani nao haujaisha. Karibu na Arcachon, msitu wa La Teste-de-Buch umekuwa ukiongozwa na mapatano ya mwaka 1468: wenye ardhi wana haki zao juu ya misonobari, na wakazi wa eneo hilo wana haki ya kuchukua bure miti ya kujengea nyumba na miti iliyokufa kwa kuni. Haki hizo zilipita mikononi mwa wafalme, Mapinduzi na jamhuri tano bila kufutwa. Tarehe 12 Julai 2022 gari dogo lililoharibika njiani likawaka, na katika siku chache zilizofuata sehemu kubwa sana ya msitu huo ikateketea.

Majivu hayakupoa kabla ubishi haujaanza. Wenye ardhi walisema msitu ulichomeka kwa sababu haki za wakazi ziliwazuia kuusafisha na kuufungulia njia. Wakazi walijibu kwamba haki zao ndizo zilizouokoa usigeuzwe shamba la misonobari ya kuuza. Misumeno ilipoingia kukata miti iliyoungua kabla wadudu hawajaenea, likazuka swali jipya: fedha za magogo hayo ni za nani, ikiwa mti uliokufa ni haki ya mkazi na ardhi uliposimama ni ya mwingine? Wakili wa kila upande alikuja na nakala ya mapatano ya 1468.